Mikono miwili ya Karamoja, na mkono wa tatu ambao kamera haikuupiga

Kwenye hii picha hakuna uso hata mmoja. Hakuna macho yanayokukodolea, hakuna mama aliyekaa chini ya mti na mtoto mgongoni, hakuna foleni ya uji, hakuna nzi. Ni mikono miwili tu basi. Mmoja ni mkubwa, wa mzungu, umejaa nyama, ngozi ina ule wekundu wa damu inayotembea vizuri, na umefunguliwa kiganja kikiangalia juu. Juu ya hicho kiganja umelazwa mkono wa mtoto, mweusi, mkavu, mifupa unaihesabu, vidole vimekunjamana na ngozi imejikunja kama ya mzee wa miaka tisini.

Ilipigwa Aprili 1980 huko Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, na mpiga picha Mwingereza anaitwa Mike Wells. Mkono mkubwa ni wa mmisionari, mdogo ni wa mvulana aliyekuwa anakufa njaa. Ikachukua tuzo ya World Press Photo, picha bora ya mwaka 1980, na tangu hapo haijapumzika. Kila njaa ikitokea Afrika watu wanaitoa tena, nimeshaikuta imeandikwa Somalia, nimeshaikuta imeandikwa Ethiopia, kuna mtu aliiweka stetasi na maneno "Mungu tusaidie" bila mahali wala mwaka. Na ukweli ni kwamba picha yenyewe inaruhusu hilo, maana haina mti wala nyumba wala vazi la kukwambia hapa ni wapi. Inaenea kirahisi kwa sababu haina kwao.

Nimekuwa naitazama kwenye simu karibu wiki nzima. Ukiivuta kwa vidole viwili ili ikue, vidole vyako mwenyewe vinaenda kukaa juu ya vidole vya yule mtoto, gumba na cha shahada, vyako vinene vyenye afya, na kwa sekunde kadhaa kioo kina mikono mitatu. Hiyo hali imenisumbua na ndo imenifanya niandike.

Wachambuzi wengi wakiigusa hii picha wanakimbilia tofauti, yaani mweusi na mweupe, shibe na njaa, Ulaya na Afrika, na wengine wanakumbushwa ule mchoro wa dari ya kanisa kule Vatican ambapo mkono wa Mungu unaelekea mkono wa Adamu. Sawa, hayo yote yamo. Lakini naomba tuisome kwa Kiswahili kwanza, maana kwetu mkono una mambo yake. Kumshika mtu mkono ni kumsaidia, kijana kamaliza shule hana kazi tunasema mjomba wake kamshika mkono. Kutoa mkono ni salamu, ukimnyima mtu mkono mbele za watu umeshatangaza ugomvi. Msibani tunapeana mkono wa pole. Na mtu anayeondoka safari ambayo hatutegemei kumwona tena tunampa mkono wa buriani. Sasa itazame tena ile picha useme huo ni mkono gani kati ya hiyo. Mimi naona yote imekaa pale kwa pamoja, msaada na buriani viko kwenye kiganja kimoja, na ndo maana mtu anaiangalia anakosa cha kusema.

Alafu kuna kitu ambacho nimechelewa sana kukiona. Kiganja cha yule mmisionari hakina kitu. Hakina unga, hakina kikombe cha uji, hakina kidonge, kilichomo ndani yake ni mkono wa mtoto na basi. Wazee walisema mkono mtupu haulambwi. Hii picha ambayo dunia nzima imeichukua kama alama ya msaada, ukiikagua vizuri, haina msaada wowote ndani yake, ina kugusana tu. Simlaumu yule mmisionari hata kidogo, huenda uji ulikuwa pembeni unapoa, huenda alikuwa ameshaligawa gunia la mwisho, mtu aliyekuwa Karamoja mwaka ule akihudumia watoto namheshimu moja kwa moja. Nazungumzia picha. Picha imechagua kutuonyesha kiganja kitupu na sisi tumekiita msaada.

Na wale tuliokulia madrasa tunajua ile hadithi, mkono wa juu ni bora kuliko mkono wa chini, yaani anayetoa ni bora kuliko anayepokea. Kwenye picha mambo yamegeuka, mkono wa mtoto ndo uko juu. Iwe mpiga picha alikusudia au ilitokea tu, kwangu hiyo ndo alama nzito kuliko rangi za ngozi. Mtoto hajakinga mkono kuomba, hajaugeuza kiganja juu. Kauweka juu ya mkono wa mtu mzima kama mtoto yeyote anavyouweka akiwa mgonjwa.

Kuhusu huo uzee wa mkono, kuna sababu ya kimwili. Mwili ukikosa chakula unaanza kula akiba yake wenyewe, mafuta ya chini ya ngozi yanaisha kwanza, alafu unahamia kwenye misuli, na ngozi iliyokuwa imejaa inabaki kubwa kuliko kilichomo ndani, kwahiyo inajikunja. Ndo hiyo mikunjo. Mtoto anavaa ngozi ya babu yake kabla hajafika umri wa kuchunga mbuzi peke yake.

Mpaka hapo picha imefanya kazi yake na imeifanya kwa nguvu. Tatizo langu linaanzia kwenye hesabu, kwamba mikono ni miwili. Ukiwa na mikono miwili tu, mwenye nacho na asiye nacho, basi stori ya njaa imeshakamilika, mmoja amekosa, mwingine ampe, tumemaliza. Njaa yenyewe inaonekana imekuja tu kama mvua ya mawe, hakuna aliyeileta. Lakini njaa ya Karamoja ililetwa na mikono mingi, na hakuna hata mmoja kati ya hiyo uliopigwa picha ukapewa tuzo.

Karamoja ni nchi ya wafugaji. Mtama wanalima, lakini benki ya mtu ni ng'ombe. Mvua ikikataa unapeleka ng'ombe sokoni unarudi na nafaka, ndo wameishi hivo vizazi na vizazi kwenye ardhi kame. Ila ukame ukiwa mkubwa kila mtu anapeleka ng'ombe sokoni msimu ule ule, ng'ombe wamekonda, bei inaanguka, na huku mtama umeadimika bei yake inapaa, kwahiyo ng'ombe yule yule aliyekuwa anakununulia magunia sasa anakununulia debe. Mchumi wa Kihindi, Amartya Sen, aliandika kitabu kizima juu ya hili mwaka 1981, kwamba watu wanaweza kufa njaa chakula kikiwepo, kwa sababu kile wanachokimiliki hakina tena nguvu ya kukipata. Na hapo bado ng'ombe hajaibiwa.

Sasa twende kwenye kuibiwa, maana hapa na sisi Watanzania tumo. Tarehe 11 Aprili 1979 jeshi letu na Waganda waliokuwa uhamishoni waliingia Kampala, Idi Amin akakimbia. Wanajeshi wake waliokuwa kambi ya Moroto, huko huko Karamoja, nao wakakimbia, na ghala la silaha likabaki. Wamatheniko, ambao ni kundi mojawapo la Wakaramojong, wakaingia wakabeba bunduki kwa maelfu. Wizi wa mifugo ulikuwepo zamani, wa mikuki na bunduki chache za hapa na pale, vijana wanaenda usiku wanarudi na ng'ombe, wazee wanakaa wanasuluhisha. Bunduki za vita zilipoingia hakukuwa tena na cha kusuluhisha, aliyepata silaha alisomba zizi zima na aliyekosa alibaki na fimbo mkononi. Ukame ukaja juu ya hapo. Barabara hazipitiki kwa usalama, chakula cha msaada kinafika kwa shida, na Kampala kwenyewe serikali inabadilika kama nguo, Rais Lule akakaa siku 68 akaondolewa, Binaisa naye akapinduliwa Mei 1980. Kutoka Kampala ilipoanguka mpaka Wells alipopiga ile picha ni mwaka mmoja, mwezi ule ule wa Aprili.

Watafiti wa afya waliopima baadaye walikuta kwamba kwenye hiyo njaa walikufa watu 21 katika kila 100, na kwa watoto wachanga 60 katika kila 100. Rudia hiyo namba ya pili polepole. Ni moja ya njaa mbaya kabisa zilizowahi kurekodiwa ukilinganisha vifo na idadi ya watu, na kizazi chetu tumebakiwa na picha yake bila jina la mahali.

Sisi tumelelewa na stori za Vita vya Kagera, nyimbo za kijeshi, makaburi ya mashujaa kule Kaboya, na ni haki yao wale waliolala pale, Amin ndo alianza na nchi ilikuwa inajilinda. Sisemi Tanzania ilileta njaa Karamoja. Nasema kwamba vita haviishi siku bendera inapopandishwa, na hii picha kwa Mtanzania ingetakiwa kukaa ukurasa ule ule na picha za ushindi, maana ni mwaka mmoja tu baadaye na ni nchi ile ile. Kwenye masomo ya historia niliyosoma mimi, Karamoja haikutajwa hata kwa sentensi moja.

Kuna jambo la Wakaramojong ambalo nikilijua ndo picha ilinigeukia kabisa. Kwao mwanaume ana dume lake la ng'ombe analolipenda, anamwimbia, na watu wanamwita mwanaume huyo kwa jina linalotokana na ng'ombe huyo, Apa fulani, yaani baba wa fulani, na huyo fulani ni ng'ombe. Kwahiyo ng'ombe akisombwa usiku na watu wenye bunduki, hapo haijaondoka nyama na maziwa peke yake, limeondoka jina. Mvulana wa ile picha alikuwa njiani kuelekea huko, miaka michache tu mbele angekuwa na dume lake la kuimbia. Alafu inakuja picha inayomfanya awe mkono maarufu kuliko yote duniani, na maelezo yanayozunguka nayo ni "mvulana mwenye njaa na mmisionari". Hata mmisionari hana jina pale. Mpiga picha ndo ana jina.

Nimtendee haki Wells, kwa sababu yeye mwenyewe hakufurahia. Chombo cha habari alichoipigia ile picha kiliikalia miezi mitano bila kuichapisha, watu wanakufa, picha iko kwenye droo. Alafu chombo hicho hicho kikaipeleka kwenye shindano bila yeye kuipeleka, ikashinda, na Wells alisema wazi kwamba anaona aibu, kwamba hakubaliani na kushinda tuzo kwa picha za watu wanaokufa njaa. Miezi mitano! Kwa namba zile za watoto wachanga, miezi mitano ni makaburi mangapi. Huo nao ni mkono, mkono wa mhariri uliokaa juu ya bahasha, na ungeupiga picha usingeona kitu cha ajabu, ni mkono msafi juu ya meza.

Mtu ataniuliza mbona unaiacha ile ya tai, ndo watu wote wanaijua. Siiachi. Kevin Carter, Mwafrika Kusini, Machi 1993, Ayod, kusini mwa Sudan ya wakati ule, mtoto kainama chini na nyuma yake ndege anamtazama. Kwanza yule si tai, ni tumbusi, na kwenye uchambuzi hiyo ni tofauti kubwa, kwa sababu tai anawinda na tumbusi anasubiri. Ukisema tai unamfanya ndege awe adui, ukisema tumbusi unakumbuka kwamba kuna kitu kingine kilichoanza kuua na ndege kaja mwishoni. Gazeti la New York Times likaichapa mwezi huo huo likaandika ni msichana, mwaka 1994 ikapata tuzo ya Pulitzer, na Julai mwaka huo Carter akajiua, ana miaka 33. Stori inayozunguka Watsap ni kwamba tumbusi ndo alimuua kwa majuto. Si kweli kwa urahisi huo, alikuwa na madeni, rafiki yake mpiga picha alikuwa ameuawa kwa risasi Aprili, na alikuwa amebeba kichwani mauaji ya miaka mingi ya Afrika Kusini.

Lakini ninachotaka uangalie kwenye ile picha ni mkono. Mtoto ana kamba nyeupe ya plastiki mkononi. Hiyo ni kamba ya kituo cha lishe, maana yake alikuwa ameshaandikishwa, kuna daftari lenye mstari wake, kuna watu walikuwa wanamjua. Mwaka 2011 waandishi wa gazeti la Hispania walifika mpaka Ayod, na familia ikawaambia alikuwa mvulana, kwamba aliipona ile njaa na alikuja kufa miaka mingi baadaye kwa homa. Tumbusi kachukua macho ya dunia nzima na kamba haikuonwa, ingawa kamba ndo ilikuwa inasema ukweli zaidi. Alama kubwa ikikaa kwenye fremu inafunika zile ndogo, na zile ndogo ndo zinazomhusu huyo mtoto mwenyewe.

Sisemi picha hazisaidii kitu. Mohamed Amin, mpiga picha wetu wa Nairobi ambaye studio yake ya Camerapix aliianzishia Dar es Salaam, alienda Korem, Ethiopia, Oktoba 1984, na alichokipiga kule kikatikisa dunia, mwaka uliofuata wanamuziki wakakusanya mamilioni ya pesa, watu wakala. Hiyo ni kweli na haifutiki. Ni kweli vilevile kwamba watazamaji waliona njaa na ukame tu, na vita ya serikali ya Mengistu dhidi ya waasi wa kaskazini ikabaki pembeni ya fremu. Mwaka 1989 mashirika ya misaada ya Ulaya yalikaa yakajiandikia miongozo ya namna ya kutumia picha za watu wa nchi zetu, kwamba heshima ya mtu ilindwe na sababu zielezwe. Karatasi nzuri sana. Alafu fungua tangazo lolote la kuomba michango leo, angalia unakuta mkono wa nani.

Na Karamoja haikuishia 1980. Mwaka 2022 njaa ilirudi, zaidi ya watu 500,000 walikuwa kwenye hali ya dharura ya chakula au karibu nayo, na wizi wa mifugo wa bunduki ulikuwa umefufuka tena. Mwaka uliofuata, 2023, ikalipuka ile kashfa ya mabati, mabati ya serikali yaliyotengwa kwa ajili ya watu wa Karamoja yakakutwa kwa wakubwa, mawaziri wakashtakiwa mahakamani. Picha za ile kashfa nimeziangalia, ni picha za mabati yamepangwa, na za watu wenye suti wanaingia mahakamani. Hakuna atakayezipa tuzo. Lakini ukitaka kuisoma picha ya Wells mpaka mwisho, ziweke hizo pembeni yake, ndo fremu inaanza kujaa.

Mwaka juzi nilimsindikiza dada yangu kliniki ya kijijini, siku ya watoto. Kuna utepe wanatumia kupimia utapiamlo, wengi mnaujua, unafungwa mkono wa kushoto katikati ya bega na kiwiko, una rangi tatu. Kijani ni zaidi ya sentimeta 12.5, njano inashuka mpaka 11.5, chini ya hapo ni nyekundu na mtoto haondoki bila matibabu. Sentimeta 11.5 mzunguko wa mkono. Unaushika kwa gumba na cha shahada na vidole vinapitana. Mbele yetu kulikuwa na mama kijana na mtoto wa kama mwaka na nusu, nesi akavuta utepe taratibu, akasoma, akarudia kusoma.

"Mama Bahati, mtoto yuko kwenye njano."

"Njano ndo nini nesi?"

"Si nyekundu. Ila si pazuri. Mnakula nini nyumbani?"

Ugali na mlenda, akasema, jioni. Nesi akaendelea kuuliza, na hapo ndo nikaanza kusikiliza kwa makini, maana alikuwa anauliza maswali ambayo ile picha haijawahi kuulizwa. Shamba lilitoa gunia ngapi. Mawili, mvua ilikatika Februari. Mifugo je. Mbuzi walikuwa watatu, wameuzwa. Wameuzwa kwa nini wakati bei iko chini. Kulikuwa na deni la mbolea, mwenye deni alikuja mwenyewe hakutaka kusubiri. Baba yuko wapi. Kaenda kuvunja kokoto, anatuma akipata.

Mtoto muda wote huo alikuwa ameweka mkono wake juu ya mkono wa nesi, ule wenye utepe, ameuacha tu pale.

"Jina lake kamili?" Yule mama akayataja majina matatu polepole, moja moja, na akainama kuangalia kama nesi anayaandika sawasawa. Nesi akaandika kwenye kadi, jina, tarehe ya kuzaliwa, kitongoji, sm 11.9, alafu akamwambia arudi baada ya wiki mbili.